Hakimu amenikata asilimia 40: nikate rufaa au nipokee nilichopewa?

"Salaam, Wakili. Mwaka juzi nilikuwa naendesha pikipiki yangu karibu na Mtwapa, saa kumi na mbili na nusu jioni. Matatu iliyokuwa ikijaribu kulipita lori ilinijia upande wangu ikanigonga. Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili, nikatiwa vyuma. Abstrakti ya polisi, ile karatasi ya maelezo ya ajali, inasema wa kulaumiwa ni dereva wa matatu, na kwenye kesi ya trafiki alipatikana na hatia akatozwa faini. Nikashtaki kudai fidia. Wiki tatu zilizopita hakimu alisema fidia yangu ni shilingi 1,200,000, lakini nabeba asilimia 40 ya lawama, kwa hiyo nilipwe 720,000. Sababu alizotaja ni kwamba sikuvaa helmeti, leseni yangu ilikuwa imekwisha muda, na sikuwa nimewasha taa ya mbele. Mtu aliyegongwa akiwa upande wake analaumiwaje? Wakili wangu anasema tukate rufaa. Shemeji yangu anasema rufaa ni kamari, jaji anaweza kunipokonya hata hicho nilichopewa. Nifanye nini?"

Pole sana, ndugu yangu, kwa mguu na kwa uchungu wa kusikia unalaumiwa kwa ajali uliyoletewa upande wako. Kabla ya yote, tazama tarehe. Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 30, kwa mujibu wa kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai. Wiki tatu zimeshapita. Huhitaji kusubiri mwenendo wa kesi upigwe chapa ndipo uanze. Memoranda ya rufaa, ile karatasi inayotaja kwa ufupi unalalamikia nini katika hukumu, inaweza kuingizwa sasa na rekodi kamili ikafuata. Muda ukipita, jaji anaweza kukuongezea ukimpa sababu ya kutosha, lakini hapo utakuwa unaomba kuhurumiwa kwa jambo ambalo leo ni haki yako. Kwa hiyo hata kama hujaamua, zungumza na wakili wako wiki hii.

Sasa nije kwenye swali linalokuuma: ajali ililetwa na mwingine, wewe unalaumiwaje?

Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi kwa mtu kama wewe. Mwaka 1809 huko Uingereza palikuwa na kesi ya Butterfield dhidi ya Forrester. Mtu mmoja mjini Derby aliacha nguzo imekingama barabarani, na mpanda farasi aliyekuwa akikimbiza farasi jioni, watu wakianza kuwasha mishumaa, akaigonga akaumia. Hakupata hata senti. Mahakama ilisema angekuwa mwangalifu angeiona, na kosa lake hilo, hata likiwa dogo, lilizima dai zima. Sheria hiyo iliwatesa majeruhi kwa zaidi ya karne moja mpaka Bunge la Uingereza lilipoibadilisha mwaka 1945. Kenya ina kanuni kama hiyo mpya katika kifungu cha 4 cha Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26: mtu akiumia kwa sehemu kutokana na kosa lake na kwa sehemu kutokana na kosa la mwingine, dai lake halifi, ila fidia hupunguzwa kwa kiasi ambacho mahakama inaona ni haki, kwa kutazama sehemu yake katika kuleta madhara.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo moyo wa jambo lako. Asilimia haipimi kama wewe ni dereva mwema au mbaya, wala si adhabu ya kuvunja Sheria ya Trafiki. Adhabu hiyo ina mahakama yake na faini zake. Asilimia hupima mambo mawili tu. La kwanza ni jinsi kosa lako lilivyochangia ajali yenyewe au jeraha lenyewe. La pili ni uzito wa lawama yako ukilinganishwa na ya mwenzako. Kosa ambalo halikuchangia ajali wala jeraha halina nafasi kwenye hesabu, hata liwe la aibu kiasi gani.

Tukiyapima makosa yako matatu kwa kipimo hicho, hayatoki sawa.

Leseni ni rahisi kuliko yote. Kuendesha leseni ikiwa imekwisha muda ni kosa la jinai, sitakuficha. Lakini matatu ile ingekugonga vilevile hata ungekuwa umeilipia asubuhi hiyo. Karatasi haigeuzi usukani. Ingekuwa hukuwahi kujifunza kuendesha, na ushahidi ukaonyesha kuwa uliyumba kwa kutojua, hapo ukosefu wa leseni ungesaidia kueleza kilichotokea. Ila kwa maelezo yako, sioni inaingiaje kwenye asilimia 40.

Helmeti inataka uangalifu zaidi, na ndipo watu wengi hujichanganya. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki kinamtaka mwendeshaji pikipiki na abiria wake wavae helmeti na jaketi yenye reflekta. Kutovaa helmeti hakusababishi ajali, bali kunaweza kuongeza madhara. Mahakama za Uingereza zililipima jambo hili miaka ya 1970, na mawakili wetu huzitaja kesi hizo mpaka leo. Katika Froom dhidi ya Butcher, kesi ya mkanda wa gari, Mahakama ya Rufaa ya huko ilisema hivi: kama mkanda ungezuia jeraha kabisa, kata asilimia 25, kama ungelipunguza kwa kiasi kikubwa, kata 15, na kama usingesaidia lolote, usikate kitu. Kabla ya hapo, mwendeshaji wa pikipiki ndogo aliyeumia kichwa bila helmeti alikuwa amekatwa 15. Wewe umevunjika mguu. Kama ripoti ya daktari haisemi lolote kuhusu kichwa, helmeti ingekufaa nini? Hakimu akikukata kwa ajili ya helmeti katika jeraha la mguu, amepotoka katika kanuni. Hilo ni kosa la kisheria, na ni zito kuliko kusema tu kwamba alizidisha kidogo. Lakini soma ripoti yako ya daktari na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha, kwa makini. Kama kuna mshono usoni au mtikisiko wa ubongo uliolipwa ndani ya zile shilingi 1,200,000, hoja hii inapungua nguvu.

Taa ya mbele ndiyo ngumu, na ningekuwa nakudanganya kama ningeipitia juu juu. Dereva anayetaka kulipita lori hutazama mbele kuona kama njia ni nyeupe. Pikipiki isiyo na taa giza likiingia ni vigumu kuiona. Kosa hili, kama limethibitishwa, limeshika ajali yenyewe. Hata hivyo halimwondolei dereva wa matatu mzigo. Yeye ndiye aliyetoka upande wake akaingia wa wenzake, na anayefanya hivyo hana budi kuhakikisha kwanza kuwa njia ni wazi. Tena gari kubwa lina uwezo wa kuua ambao pikipiki haina mbele yake, na mahakama huruhusiwa kulitia hilo kwenye mizani. Kwa hiyo mchango wako upo, lakini sioni kama unakaribia nusu.

Uliza pia kama jambo la taa lilithibitishwa kweli. Nani alilisema? Kama ni dereva wa matatu peke yake, aliulizwa maswali ya kutosha? Askari aliyechunguza alileta mchoro wa mahali pa ajali? Jua la Pwani huzama karibu na saa hiyohiyo uliyotaja, Novemba mapema kidogo kuliko Februari, kwa hiyo mwezi wa ajali na dakika zake vina maana. Na kuna jambo jingine ambalo mawakili wenye haraka hulisahau: mdaiwa anayetaka ulaumiwe lazima adai hivyo katika hati yake ya utetezi, ataje mambo anayokulaumia, kisha ayathibitishe. Hakimu haruhusiwi kukuokotea makosa ambayo upande wa pili haukuyaleta. Chukua hati ya utetezi, tafuta neno taa. Kama halimo, una hoja nyingine ya rufaa.

Umetegemea sana abstrakti na ile hatia ya trafiki, na wengi hufanya hivyo. Abstrakti ni maoni ya polisi. Inathibitisha kuwa ajali ilitokea na kuwa magari fulani yalihusika, lakini haimfungi hakimu kuhusu nani alaumiwe. Hatia ina nguvu zaidi. Chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, muda wa rufaa ya jinai ukishapita, hukumu hiyo ni ushahidi usiopingika kwamba dereva alitenda kosa lile. Kwa hiyo hawezi kuja kwenye kesi ya fidia akasema hakuwa mzembe hata kidogo. Lakini mwaka 1971, katika Robinson dhidi ya Oluoch, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilifafanua kuwa hatia ya mmoja haimaanishi kuwa ni yeye pekee aliyesababisha ajali. Mlango wa kugawana lawama unabaki wazi. Kwa hoja hii moja, hakimu wako hakukosea kuuliza na wewe ulifanya nini.

Nashukuru angalau kwamba alitoa sababu. Ziko hukumu ambazo shahidi wa huku anasema hivi, wa kule anasema vile, na hakuna wa tatu. Hapo mahakama zetu hugawa nusu kwa nusu, na kesi inayotajwa sana ni Hussein Omar Farah dhidi ya Lento Agencies ya mwaka 2006. Wewe hukuwa katika hali hiyo, kwa kuwa ilijulikana ni nani aliyetoka upande wake.

Sasa rufaa yenyewe. Watu hudhani jaji hukaa upya na kusema, "Mimi ningempa 30." Sivyo. Kesi ya Khambi dhidi ya Mahithi ya mwaka 1968 iliweka mpaka ambao mahakama zetu zinaufuata hadi leo: mgawanyo wa lawama uliofanywa na aliyesikiliza kesi hauguswi isipokuwa katika hali za pekee, kama vile pale alipokosea kanuni au pale ambapo mgawanyo wenyewe ni wa makosa ya wazi. Jaji hana uhuru wa kuweka tarakimu yake kwa kuwa tu anaipenda zaidi. Sababu yake ni ya busara. Kugawa lawama hakuna rula. Mahakimu wawili waaminifu, mbele ya ushahidi uleule, wanaweza kusema 30 na 40 na wote wawe ndani ya haki. Kama kila tofauti ya namna hiyo ingefungua rufaa, kesi zisingekwisha.

Hata hivyo mlango haujafungwa kabisa. Rufaa ya kwanza humpa jaji wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake mwenyewe, akikumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi wakizungumza. Kwa hiyo swali kama "taa ilikuwa imewashwa?" anaweza kulichambua tena. Na mfano mzuri wa mahakama za juu kuingilia asilimia ni Jackson dhidi ya Murray, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015. Msichana wa miaka 13 huko Uskoti alishuka kwenye basi dogo la shule jioni, akavuka barabara akitokea nyuma ya basi, na gari lililokuwa likija kwa karibu kilomita 80 kwa saa bila kupunguza mwendo likamgonga. Jaji wa kwanza alimbebesha mtoto asilimia 90. Rufaa ya kwanza ikashusha hadi 70. Mahakama ya Juu ikafika 50, na hata hapo majaji waligawanyika watatu kwa wawili. Wale watatu hawakutosheka kusema kwamba 70 ni nyingi. Waliona kuwa hoja za mahakama ya chini hazikueleza kwa nini mtoto abebe zaidi ya dereva, na kwamba hatari ya gari haikupewa uzito wake. Kesi hiyo haimfungi jaji wa Kenya, lakini inaonyesha njia: rufaa za namna hii hushinda kwa kuonyesha ufa katika hoja, na tarakimu hufuata.

Wewe ufa unao. Hakimu alitaja sababu tatu na kutoa tarakimu moja, bila kusema kila sababu ilikula asilimia ngapi. Kama sababu mbili hazikustahili kuwemo, ile 40 imesimama juu ya msingi ambao theluthi mbili zake ni mchanga, na jaji akishaona kanuni imekosewa, anakuwa huru kugawa upya. Kwa maoni yangu, niliyoyajenga juu ya barua yako tu, taa peke yake ikithibitika inaweza kukuacha mahali fulani kati ya asilimia 10 na 25. Isipothibitika, au isipokuwemo kwenye utetezi, chini ya hapo. Siahidi.

Shemeji yako naye hakukosea kabisa. Jaji anaweza kusema sababu mbili ni mbovu lakini pikipiki bila taa giza likiingia inatosha kwa 40, ukarudi nyumbani na gharama za rufaa juu yako. Upande wa bima ya matatu nao unaweza kukata rufaa yao dhidi ya yako, wakidai ubebe zaidi au kwamba shilingi 1,200,000 ni nyingi mno kwa jeraha hilo. Kiasi cha fidia kina kipimo chake, kile cha Butt dhidi ya Khan: hakiguswi mpaka kiwe kikubwa au kidogo kupita kiasi, au kiwe kimetokana na kanuni mbaya au ushahidi ulioeleweka vibaya. Mwambie wakili wako akutafutie hukumu za karibuni za mguu uliovunjika mara mbili na kutiwa vyuma, muone yako imekaa wapi. Kama imekaa juu ya nyingine zote, kukata rufaa ni kuwaita wapinzani wako waiangalie. Kama imekaa katikati, hofu ya shemeji inapungua.

Fanya na hesabu. Kila asilimia 10 kwako ni shilingi 120,000. Ukishuka kutoka 40 hadi 20, unapata 240,000 zaidi, yaani 960,000 kwa jumla. Toa hapo ada ya wakili, gharama ya kuchapa na kuandaa rekodi, na muda wa kusubiri. Muulize wakili wako leo, akupe kwa maandishi: ada ya rufaa hii ni kiasi gani, na nikishindwa nitalipa nini? Kama jibu ni kwamba rufaa itameza 150,000 kutafuta 240,000, uamuzi ni wako, lakini uufanye ukizijua tarakimu. Na kama kampuni ya bima inataka kukulipa zile 720,000 sasa, usitie sahihi karatasi yoyote inayosema umepokea malipo kamili na huna dai lingine, kabla wakili wako hajaisoma. Karatasi hiyo inaweza kuizima rufaa yako.

Wasomaji wengine wenye kesi kama hii, angalieni mambo mawili yanayoweza kubadilisha kila nililosema. Kama mlikubaliana kwa hiari kugawana lawama, kama ile 80 kwa 20 ambayo mawakili huiandikisha mahakamani ili kuokoa muda, uamuzi uliotokana na makubaliano hauna rufaa chini ya kifungu cha 67 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai. Usikubali asilimia usiyoielewa kwa sababu tu ya kutaka kesi iishe. Na kama kesi yako ilisikilizwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kikomo chake ni shilingi milioni moja, rufaa kwenda Mahakama Kuu ni kwa hoja za kisheria pekee. Huko swali la nani alisema kweli kuhusu taa halifunguliwi tena.

Ndugu yangu, mimi nimesoma barua yako tu. Sijaona hukumu, ripoti ya daktari, wala hati ya utetezi, na karatasi hizo tatu ndizo zitakazoamua. Zibebe zote uende kwa wakili wako ana kwa ana. Mwombe akuonyeshe kwa kidole aya ambayo hakimu ameeleza asilimia 40, kisha mtafute pamoja maneno helmeti, leseni na taa katika utetezi na katika ushahidi. Kama humwelewi au unashuku anataka rufaa kwa ajili ya ada, una haki ya kupata maoni ya wakili mwingine. Kituo Cha Sheria kina ofisi Mombasa, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria ipo kwa wasio na uwezo. Na uhakikishe mnaikazia sana hatua hii, kwa kuwa rufaa ya pili, ile ya kwenda Mahakama ya Rufaa, huangalia sheria tu. Mahakama Kuu ndiyo mahali pa mwisho ambapo ushahidi wa jioni ile utapimwa tena.